Naomba ushauri: nitawapataje wapigaji wasiotajwa kwenye santuri za samba?

Habari zenu wakuu. Nakusanya santuri za zamani za samba ya Brazili, na kila nikigeuza jalada naumia: jina la mwimbaji kubwa, ila aliyepiga gitaa, kavakinyo (kigitaa cha nyuzi nne) au pandeiro (tari ya Kibrazili) hatajwi kabisa. Mambo haya yalianza zamani. Samba iitwayo "Pelo Telefone" ilisajiliwa Rio de Janeiro mwaka 1916 kwa jina la mwanamuziki Donga, ilhali ilizaliwa kwenye mikusanyiko ya nyumbani kwa Tia Ciata, mama aliyewakaribisha wanamuziki wa samba, mikononi mwa wengi. Hata Cartola, mtunzi mkubwa wa samba, aliwahi kuuza nyimbo zake kwa waimbaji maarufu!

Nataka kuwatafuta hawa wapigaji, jina kwa jina. Nianzie wapi: kumbukumbu za studio, vyama vya wanamuziki, au wazee walio hai? Kireno nakisoma kidogo tu. Mwenye uzoefu anielekeze tafadhali.