Naomba ushauri: kifaa cha kuonyesha njia kwa mzee anayeendesha mwenyewe

Mleta mada
Wakuu, habari zenu. Baba yangu ameshavuka miaka 70 na bado anaendesha, tena kwa utulivu kunishinda mimi. Shida ni njia. Simu haitaki kabisa: meseji inaingia akiwa kwenye kona, ramani inapotea, anaanza kupapasa. Nataka kifaa kinachojitegemea, kisicho na mambo mengi. Nimeangalia vya kampuni za Garmin na TomTom, matoleo ni utitiri. Nianzie wapi?

Tairi la Akiba
Mkuu, anza na skrini. Inchi 5 itamtesa, chukua 7 ukiweza. Miwani ya kusomea ni ya karibu, ya kuendeshea ni ya mbali, na kifaa chenyewe kinakaa katikati ya hizo mbili. Halafu muache akiguse mwenyewe kabla hujalipa. Vidole vya wazee hukauka, na skrini za aina ya simu wakati mwingine hazivisikii. Ukiona anabonyeza mara mbili mbili, rudisha.

Bibi Usukani
Mmeng'ang'ania macho, na masikio je? Uzeeni sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea. Ingia kwenye mipangilio umwekee sauti nzito ya kiume. Mume wangu alikuwa anagombana na kile cha kwetu, eti "huyu dada ananong'ona". Tulipobadilisha sauti, ugomvi ukaisha (akahamia kugombana na mimi). Garmin zipo zinazokuelekeza kwa alama za njiani, mfano "pinda baada ya taa za barabarani". Hiyo mzee anaielewa upesi kuliko "baada ya mita 300".

Kijana wa Gia
Hela ya bure hiyo. Simu ina kila kitu, na foleni unaiona.

Tairi la Akiba
Kijana, swali umelisoma lakini? Mzee simu haitaki. Ila kwenye foleni una hoja: vifaa vingi huvuta taarifa hizo kupitia simu iliyounganishwa, kwa hiyo mleta mada ulizia hilo mapema. Hakikisha pia ramani ya nchi yake imo na masasisho ni ya bure. Kusasisha ni kazi yako wewe, usimwachie. Nyumbani, hospitali, kwa ndugu, vyote viingize kabla hujamkabidhi, abaki na kugusa jina tu.

Mleta mada
Nimewaelewa, shukrani. Akipitiliza kona itakuwaje? Yeye ni mtu wa kupaniki.

Bibi Usukani
Kinapanga njia nyingine chenyewe, wala hahitaji kugusa kitu. Mwambie aendelee mbele tu, asifunge breki wala kurudi rivasi. Zungukeni naye mitaa anayoijua, apitilize kona makusudi mpaka azoee. Na kifaa kikae chini pembeni ya kioo cha mbele, kisimzibe barabara. Futa kioo kwanza, kile kimpira cha kukibandikia kifaa hakishiki penye vumbi.