Maji yanatuama kwenye mfuniko wa tanki la pikipiki, naomba ushauri
Wakuu, mfuniko ni ule uliolala usawa wa tanki. Mvua ikinyesha maji yanajaa kwenye kishimo chake, asubuhi injini inakatakata. Ukilegeza skrubu ya chini ya kabureta yanatangulia maji, ndipo petroli. Raba ya mfuniko ni mpya. Tundu la kutolea maji kishimoni linashuka kwa kibomba ndani ya tanki hadi mpira wa chini. Mpira umechomolewa, uko wazi, ila maji bado hayapiti: basi kibomba ndicho kimeziba. Upepo wa kompresa nauogopa, kikiwa kimeliwa na kutu kitatoboka na maji yataingia moja kwa moja kwenye mafuta. Nipitishe uzi wa nailoni wa kufyekea nyasi, au waya laini? Tanki nishushe kwanza?