Cheek si shavu? Nisaidieni

Watu wa Nakuru habari zenu, msichana wangu wa gredi ya sita anasoma hadithi ya Uingereza, mama anaambia kijana wake "don't give me cheek" sasa ananiuliza shavu linapeanwa aje, nikakwama kabisa.

Mwalimu, Kisumu: Hapo ni ufidhuli, kujibu mkubwa bila adabu. Waingereza wanasema hivyo tangu karne ya 19. Hata lip, mdomo, inatumika vilevile.

Baba Tatu: Sisi pia si tunasema mtu ana mdomo, ama ana macho makavu? Mwambie hivyo ataelewa haraka.

Mwalimu, Kisumu: Kweli kabisa. Lakini cheeky mara nyingi si tusi, ni mtoto mtundu tu unayempenda.

Mwenye swali: Asanteni sana, ya macho makavu ameshika mara moja!