Naomba ushauri: makala ya mukene niipeleke jarida gani?

Habari zenu wakuu. Niko Jinja, nimemaliza shahada ya uzamili na nina takwimu za mukene, yaani dagaa wetu wa Ziwa Victoria. Nilipima waliovuliwa usiku kwa taa, na majike wengi wenye mayai ni wadogo kuliko nilivyotarajia. Naona jambo hili lina uzito, maana kila mtu anaandika kuhusu sangara, ilhali mukene ndiye kitoweo cha mwenye kipato kidogo, na ndiye anayesagwa kuwa chakula cha kuku.

Msimamizi wangu anataka Journal of Great Lakes Research. Jarida zuri, na makala ikisomwa na waliolipia tu, mwandishi hatoi kitu. Lakini afisa uvuvi wa hapa ataisomea wapi? Hao wanaonitumia barua pepe wakiahidi kuchapisha ndani ya wiki ukilipa dola, hapana kabisa.

Je, kuna aliyewahi kusamehewa ada ya kuchapisha makala isomwe bure na wote, kwa kuwa anatoka Uganda? Huombwa kabla ya kutuma makala au baada ya kukubaliwa? Na wahakiki hawatakataa takwimu za mwalo mmoja, yaani sehemu moja tu ya kushushia samaki? Mwenye uzoefu anijuze, hata faraghani.