Tupeane uzoefu: uliamuaje kuomba, au kutoomba, cheo cha juu kazini kwako?

Mleta mada

Ndugu wanajamvi, salaam. Mkuu wa kitengo ninachofanyia kazi anastaafu, na nafasi yake imetangazwa kwa wafanyakazi wa ndani kabla ya kupelekwa nje. Sifa nyingi zilizoorodheshwa ninazo, isipokuwa moja inayomtaka mwombaji awe amewahi kusimamia watu, jambo ambalo sijawahi kulifanya rasmi ingawa kwa muda mrefu nimekuwa nikiwafundisha kazi karibu wote wanaoajiriwa upya kitengoni. Wenzangu wananihimiza niombe. Nikiwa peke yangu, hata hivyo, najikuta nikijiuliza swali ambalo wao hawaniulizi: je, kazi ile naitaka, au sitaki tu ichukuliwe na mtu mwingine?

Naomba tupeane uzoefu. Nitashukuru zaidi mtu akieleza alipima nini kabla ya kuamua, alimuuliza nani, na baada ya hapo mambo yalikwendaje. Walioomba wakakosa, pamoja na wale walioamua kutoomba kabisa, nawasubiri kwa hamu, kwa kuwa habari zao ni nadra kusikika.

Muuguzi

Ndugu mleta mada, swali lako la mwisho ndilo lililonikosesha usingizi ilipotangazwa nafasi ya msimamizi wa wodi yetu. Kilichonisaidia ni kumwomba msimamizi aliyekuwepo aniruhusu niketi naye wakati anapanga ratiba ya zamu za mwezi uliokuwa unafuata. Ratiba ile nilikuwa nikiiona kila mwezi ikiwa imebandikwa ukutani, na kama wenzangu wote nilitafuta mstari wenye jina langu, nikauchukua na kuondoka. Siku hiyo niliiona ikiwa tupu. Mezani palikuwa na maombi ya likizo yaliyogongana tarehe, cheti cha mwenzetu aliyepewa mapumziko ya ugonjwa, na barua ya mwingine aliyekuwa anakaribia likizo ya uzazi. Msimamizi aliandika kwa penseli, akafuta, akaandika tena, na kila alipoziba pengo la usiku mmoja, pengo jingine lilifunguka siku iliyofuata, kwa sababu aliyekesha hawezi kurudishwa kazini asubuhi. Alipomaliza alinitajia, bila kinyongo chochote, nani angekuja kulalamika na angekuja na hoja gani.

Nilipokuwa nimekaa pale nilitambua kwamba mkono wangu ulikuwa unaitaka ile penseli. Nilikuwa nimekwisha kuona kwamba wenzetu wawili wakibadilishana zamu, wodi ingekuwa na mtu mzoefu kila usiku, na jambo hilo lilinipa furaha ambayo sikuitarajia. Niliomba, nikapata. Ninachokikosa hadi leo ni kukaa na wagonjwa, kwa maana zamani nilimjua kila mmoja wao na hofu zake, na sasa wengi nawajua kupitia taarifa za makabidhiano. Hasara hiyo ni ya kweli na ningependa uihesabu mapema, kwa sababu nyongeza ya mshahara haiifidii.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usiitazame nafasi kwa jina lake. Mwombe mkuu wako anayestaafu akuonyeshe siku yake moja ya kawaida, hasa ile sehemu ya siku ambayo watu wa kitengo hawaioni.

Mhasibu

Naunga mkono, na naongeza kwamba pale inapowezekana ni vizuri zaidi kukaimu. Mimi nilikaimu ukuu wa idara wakati mwenye nafasi alipokwenda masomoni, na jambo la kwanza kuletwa mezani kwangu halikuhusu hesabu hata kidogo. Lilikuwa la wafanyakazi wawili ambao walikuwa hawasemezani, mmoja akipitisha nyaraka kwa mwenzake kupitia mtu wa tatu, na malipo yakichelewa kwa sababu hiyo. Kabla ya hapo nilikuwa nikidhani kwamba mkuu wa idara ni mhasibu aliyebobea kuliko sisi wengine, kumbe sehemu kubwa ya siku yake huenda kwa watu.

Angalizo kwa yeyote anayefikiria njia hii: kukaimu kusifanyike kwa mdomo. Omba barua inayotaja tarehe ya kuanza na ya kumaliza, mipaka ya mamlaka yako katika kusaini na kuidhinisha, posho kama utaratibu wa mahali pako pa kazi unairuhusu, na nani atakayeshika kazi yako ya awali. Bila barua hiyo utajikuta unafanya kazi mbili kwa mshahara mmoja, na nafasi itakapotangazwa hutakuwa na kitu cha kuonyesha kwamba uliwahi kuishika.

Afisa rasilimali watu

Nimeketi kwenye kamati nyingi za usaili, kwa hiyo naomba nichangie nikiwa upande wa pili wa meza.

Tangazo la kazi huandikwa na watu wanaomfikiria mtu bora kabisa, na mtu huyo ni nadra kuonekana. Ndiyo maana mara nyingi sifa hugawanywa mafungu mawili, zile za lazima na zile ambazo mwombaji akiwa nazo itakuwa nyongeza kwake. Lisome tangazo lako tena ukiangalia sifa ya kusimamia watu imewekwa katika fungu lipi. Ikiwa ni ya lazima na imefungwa kwa idadi ya miaka katika cheo fulani, kamati inaweza kukosa uhuru wa kukuvusha hata ikikupenda, na ni afadhali umuulize mhusika kabla hujatumia nguvu zako. Ikiwa imeandikwa kwa upana, kwamba mwombaji awe na uzoefu wa kuongoza au kusimamia wengine, basi kuwafundisha wageni ni uzoefu halali, ilimradi uueleze kwa matendo: uliwapangia nini, ulipimaje kwamba wameelewa, na ulifanya nini na yule aliyekuwa nyuma ya wenzake.

Jambo jingine ambalo waombaji wa ndani hulisahau ni kwamba kamati kwa kawaida hutoa alama kwa kila kigezo kulingana na kilichoandikwa na kilichosemwa. Nimewahi kuona mtu ambaye wajumbe wote walijua uhodari wake akipata alama ndogo, kwa sababu aliandika barua fupi akiamini kwamba anafahamika, ilhali mgeni kutoka idara nyingine alijibu kigezo kwa kigezo. Iandike barua yako kana kwamba hakuna hata mmoja mezani aliyewahi kukuona ukifanya kazi.

Na kwa wale wanaosita kwa kuhisi kwamba hawastahili, hisia hiyo haiwapati wasio na uwezo peke yao. Wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes waliieleza mwaka 1978 baada ya kuzungumza na wanawake wenye mafanikio makubwa ya kisomo na kikazi, ambao pamoja na vyeti vyao vyote waliamini kwamba wamefika walipo kwa bahati au kwa kuwa watu wamewapima vibaya. Hisia hiyo peke yake haithibitishi kitu kwa upande wowote. Kinachothibitisha ni kazi uliyokwisha kuifanya, na hiyo inaweza kuorodheshwa kwenye karatasi.

Mtaalamu wa programu

Mimi nilipanda, nikaongoza timu kwa muda wa kutosha kuijua kazi, kisha nikaomba nirudishwe kwenye utaalamu, na mwajiri wangu akakubali. Naeleza hivi kwa sababu katika taaluma zetu kupanda cheo huchukuliwa kuwa zawadi ya kufanya vizuri kazi ya chini, na hizo ni kazi mbili tofauti. Mwaka 2019 wanauchumi Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walichapisha utafiti kuhusu wauzaji katika kampuni nyingi za Marekani. Walionyesha kwamba waliouza zaidi ndio waliokuwa na nafasi kubwa ya kufanywa mameneja, ilhali mauzo makubwa ya mtu kabla ya kupandishwa yaliendana na kushuka kwa utendaji wa wale aliowekwa kuwaongoza. Waliokuwa na mazoea ya kuuza kwa kushirikiana na wenzao ndio waliotokea kuwa viongozi wazuri zaidi, na hilo kampuni hazikulipa uzito wa kutosha. Mleta mada, hapo ndipo ninapoona kwamba kufundisha kwako wageni kunaweza kuwa na thamani kuliko sifa nyingine ulizonazo.

Kwa upande wangu, nilichogundua ni kwamba siku iliyojaa vikao, hata kama kila kikao kimemalizika vizuri, ilinirudisha nyumbani nikiwa sina kitu cha kuonyesha mikononi. Mwenzangu aliyechukua nafasi hiyo baada yangu huwa anaondoka kwenye vikao hivyo akiwa na nguvu zaidi ya alizoingia nazo, na timu inamfurahia. Ulizeni mapema kama kazini kwenu kuna ngazi mbili za kupanda, moja ya uongozi na nyingine ya utaalamu, na kama mtu akitoka moja anaruhusiwa kurudi nyingine.

Mwalimu

Mimi ni miongoni mwa walioamua kutoomba. Nafasi ilikuwa ya makamu wa mkuu wa shule, na kila mtu aliichukulia kuwa ni yangu. Wakati huo nilikuwa namuuguza mzazi, na kazi ile ilidai kubaki shuleni jioni na kupigiwa simu wakati wowote. Nilimwambia mkuu wangu waziwazi kwamba siombi kwa sababu ya hali ya nyumbani na kwamba hali hiyo ikibadilika ningependa kufikiriwa. Nasisitiza sehemu hiyo ya pili, kwa maana mtu akikaa kimya watu hujaza wenyewe sababu, na sababu wanayoijaza mara nyingi ni kwamba hana hamu ya kusonga mbele.

Sikujutia. Tangu hapo nimepewa kuongoza maandalizi ya mitihani ya shule nzima, kazi ambayo ina mwanzo na mwisho, na ambayo niliweza kuibeba.

Afisa ugavi

Nami niliomba nikakosa, na aliyepata ni rafiki yangu tuliyekuwa tukikaa meza moja. Tulikuwa tumeambiana tangu mwanzo kwamba sote tunaomba, na nawasihi mnaoshindana na marafiki mfanye hivyo, kwa kuwa kugundua jina la mwenzako kwenye orodha ya wanaoitwa kwenye usaili kunaumiza kuliko matokeo yenyewe. Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Yeye hakujua anipe maagizo kwa sauti gani, nami sikujua niyapokee kwa uso gani. Siku moja aliniita, akanitaka nimweleze ni maamuzi gani ningependa anishirikishe kabla hayajatoka, na mazungumzo hayo yalitusogeza mbele zaidi ya kujifanya kwamba hakuna kilichobadilika.

Nilichofaidika nacho ni mrejesho. Niliomba kwa maandishi nielezwe nilikosa alama wapi, nikajibiwa kwamba sikuonyesha uzoefu wa kupanga na kufuatilia bajeti. Lilikuwa jambo la kweli na la kurekebishika, hivyo niliomba kushirikishwa katika bajeti ya mwaka uliofuata. Sijaomba cheo kingine bado, lakini sasa najua ninachokosa, na kabla ya hapo nilikuwa nakisia tu.

Mleta mada

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimelisoma tena tangazo kama nilivyoelekezwa, na sifa ya kusimamia watu imewekwa katika fungu la nyongeza. Nimezungumza pia na mkuu wangu anayestaafu, naye amekubali nifuatane naye katika kikao cha kugawa majukumu ya robo ijayo na baadaye anionyeshe anavyojaza fomu za tathmini ya utendaji. Nimejaribu kufikiri nitajisikiaje nikimwandikia alama ya chini mtu niliyemfundisha kazi mwenyewe, na jibu sijalipata, kwa hiyo nitaamua baada ya kuona fomu hizo. Barua naiandika tangu sasa, kwa sababu muda wa mwisho hautanisubiri.

Nina swali moja kwa afisa rasilimali watu. Mkuu wangu ndiye atakayetajwa kama mdhamini wangu, na pia nasikia ataombwa maoni na kamati. Je, kuna ubaya?

Afisa rasilimali watu

Kwa kawaida hakuna, kwa kuwa kutoa maoni kuhusu mtu aliyemsimamia ni sehemu ya kazi yake. Tatizo huanza anapokuwa pia mjumbe mwenye kutoa alama. Ulizia utaratibu wa mahali pako pa kazi, na ukikuta ndivyo ilivyo, taja mdhamini wa pili kutoka idara nyingine ambaye amefanya kazi na wale uliowafundisha. Mpe nakala ya tangazo pamoja na barua yako kabla hujawasilisha maombi, ili asije akaulizwa habari za nafasi ambayo hajaisoma.