Nikiinuka kitandani tumbo linachomoza katikati, ni ngiri?

MamaKulwa_Nkuhungu
Habari za humu. Nilijifungua mapacha, sasa wanatambaa. Nikiinuka kitandani, uvimbe mrefu unachomoza kutoka chini ya kifua hadi kitovuni, nikilala unapotea. Hauumi. Jirani anasema msuli umekatika. Mama mkwe anasema nijifunge khanga niikaze. Maji kwetu ni ya mgao, ndoo ya lita 20 siikwepi. Nifanyeje?

Mkulima wa Mpunguzi
Pole mwanangu. Khanga ilinisaidia mgongo msimu wa kuvuna zabibu. Tumbo lenyewe halikurudi.

Fizio_Makole
Hongera kwa mapacha, dada. Hakuna msuli uliokatika, tafadhali ondoa hofu hiyo. Mbele ya tumbo kuna misuli miwili mirefu, kushoto na kulia, kutoka mfupa wa kinena hadi kwenye gegedu za mbavu ya 5, 6 na 7. Katikati imeunganishwa na ukanda wa nyuzi imara, linea alba. Mimba ikikua, ukanda hupanuka na kulegea, misuli ikaachana. Ukikaza tumbo kuinuka, vya ndani vinausukuma nje.

Ubavuni kuna matabaka matatu. Nyuzi za la nje hushuka kuelekea mbele, kama vidole vinavyoingia mfukoni, za la kati hupanda kinyume chake, na za la ndani kabisa huzunguka tumbo kwa mlalo. Anza na hilo la ndani: toa pumzi polepole huku ukivuta kitovu ndani. Fanya hivyo kila unapoinua ndoo, usibane pumzi. Kitandani geukia ubavu kwanza, kisha jisukume kwa mikono. Mazoezi ya kulala chali na kuinua kiwiliwili yaache kwa sasa. Khanga inaegemeza, ila haiunganishi ukanda, na ukiikaza mno inasukuma uzito chini, kwenye misuli ya sakafu ya nyonga.

Hebu lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, kisha bonyeza vidole juu ya kitovu. Vinaingia vingapi?

MamaKulwa_Nkuhungu
Vitatu. Na ngiri nitaijuaje?

Fizio_Makole
Vitatu ni vingi, fika kitengo cha fiziotherapia wakupime na kukuonesha mazoezi. Ngiri ni tundu: uvimbe wa mviringo sehemu moja, mara nyingi kitovuni. Ukiuma, ukawa mgumu na kukataa kurudi ndani, au ukianza kutapika, nenda hospitali ya General siku hiyohiyo. Maji yagawe kwenye ndoo za lita 10.