Tiwi, Galu au Msambweni: pa kupumzika karibu na Diani, mbali na kelele zake

BintiLikoni
Salamu wenzangu. Natafuta pa kulala siku mbili pwani ya kusini mwa Mombasa. Tuko wanne, wawili watoto (miaka 6 na 9), hatuna gari. Diani hatutaki kulala kwa sababu ya muziki wa usiku na mabichiboi, wale vijana wachuuzi wa ufuoni, wanaokufuata kila hatua, ila jioni moja tungependa kwenda kula huko. Nimebaki na Tiwi, Galu na Msambweni. Wajuzi mwasemaje?

DerevaWaKusini
Msambweni iondoe, dada. Iko kama kilomita 25 kusini mwa Ukunda, mji wa karibu na Diani, na kurudi huko usiku baada ya kula Diani, bila gari, watoto wamelala mabegani, ni adhabu. Iache siku mtakayokuwa na wiki nzima.

Tiwi iko karibu, lakini msidanganywe na ramani. Matatu ya Likoni–Ukunda inakushusha njia panda, na kutoka hapo hadi baharini ni kilomita mbili tatu za barabara ya vumbi yenye vichaka pande zote. Msiitembee, hata mchana, maana watu wameporwa sana hapo. Pandeni tuktuk na mchukue namba ya dereva palepale, kwani kule ufuoni hakuna steji na jioni mtakwama. Galu ni rahisi zaidi. Mnashuka Ukunda, mnapanda tuktuk hadi barabara ya ufuoni, kisha mnakata kulia kuelekea kusini. Kadiri mnavyosogea ndivyo hoteli zinavyopungua.

Kama kuna jamaa wanaoungana nanyi kwa treni ya SGR, wasiingie kisiwani Mombasa. Barabara ya Dongo Kundu, iliyokamilika 2024, inawatoa Miritini hadi Kibundani bila kugusa feri ya Likoni.

Nahodha_Mstaafu
Kabla ya kuchagua nyumba, chagua maji. Wengi hulipia chumba, wakafika wakakuta bahari imekwenda zake, wakasema pwani mbaya. Pwani si mbaya, tarehe ndiyo iliyokosewa.

Hesabu kwa mwezi mwandamo. Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ni bamvua. Hapo kupwa na kujaa hutofautiana kwa zaidi ya mita 3. Kwetu maji ya bamvua hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ni maji mafu: tofauti hushuka hadi kama mita moja, na maji hujaa asubuhi, karibu saa nne au tano. Kila siku saa husogea mbele kama dakika 50, na kwenye maji mafu huweza kupita hata saa nzima. Hakikisheni kwa jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, dakika ziko humo.

Sasa linganisheni. Tiwi ni vighuba vidogo chini ya miamba ya matumbawe. Bamvua likijaa, sehemu nyingi mchanga wote humezwa na maji hupiga ukuta wa mwamba. Aliyetandika mkeka saa tisa, saa kumi hana pa kukaa. Lakini asubuhi ya bamvua hiyohiyo, maji yakipwa, lile dimbwi la mwambani wanaloliita Africa Pool hubaki limejaa maji safi ya kuogelea. Muondoke maji yanapoanza kupanda, msingoje yafike magotini. Galu ni tambarare: yakipwa utatembea mbali sana na maji ni ya vifundoni, yakijaa watoto wanaogelea kati ya ufuo na mwamba bila mawimbi makubwa.

Vaeni viatu vya mpira pande zote mbili. Kwenye majani ya bahari kuna wale wanyama wadogo weusi wenye miiba kama sindano. Mwiba hukatikia ndani ya nyayo na kuutoa ni kazi.

Na tafadhali, msivuke mto Mwachema kwa miguu kutoka Msikiti wa Kongo kwenda Tiwi mkiwa na watoto. Maji yakipwa huonekana machache, lakini mkondo wake huvuta kuelekea baharini.

UpepoWaKaskazi
Niongeze kuhusu Galu, maana watu huisifia kwa utulivu wake kana kwamba ni mwaka mzima. Kuanzia Desemba hadi Machi, na tena Juni hadi Septemba, ndiyo nyumbani kwa wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara. Upepo hukaza mchana, na zile kamba zikikazika hukata. Watoto waoge asubuhi. Mei ni mvua, bei hushuka lakini maji huwa machafu.

JikoLaMakaa
Mkichukua nyumba ya kujipikia, ulizeni swali moja kabla ya kulipa: maji ya jikoni ni ya bomba au ya kisima? Kisima cha karibu na bahari huwa na chumvi, chai hainyweki. Kwa watu wanne siku mbili bebeni mtungi wa lita 20 na chupa tano za lita moja. Mboga nunueni Ukunda. Samaki mtamnunua mlangoni, wauzaji hupita na baiskeli. Fungua shavu: liwe jekundu, si la kahawia. Jicho liwe limetuna, ukibonyeza mgongo nyama irudi.

Dirisha la jiko lifungwe hata mkiwa sebuleni. Tumbili huingia pembamba kama paka, na ndizi huwa ya kwanza kwenda.

BintiLikoni
Ahsanteni mno. Tunaondoka Jumatano, itakuwa tarehe 22 ya mwezi mwandamo.

Nahodha_Mstaafu
Basi ni maji mafu, mamangu. Africa Pool haitakuwa na maana, maji hayatapwa vya kutosha. Nendeni Galu. Watoto waingie kuanzia saa tatu hadi saa sita, siku ya pili waanze saa moja baadaye. Na mwenye nyumba mwulizeni ngazi za kushukia ufuoni ziko upande gani, na kama mlinzi hukaa hapo usiku.